Kimya cha Sebule ya Mama Namba

Kila asubuhi, kabla hajafungua dirisha, Chiriku alisikiliza kimya.

Alichemsha maji kwenye birika la umeme, akatia majani ya chai na sukari iliyozidi, kisha akakaa kitandani, maana kiti pekee cha chumba chake kilikuwa kimekaliwa na begi la kamera. Akavaa hedifoni, akafumba macho, akasikiliza vyumba vya watu vikiwa havina watu. Mwalimu wake wa sauti chuoni ndiye aliyemwambukiza tabia hiyo. Hakuna vyumba viwili vyenye kimya kimoja, alikuwa akisema. Kimya cha jikoni kina friji ndani yake. Kimya cha ofisi kina feni. Ukikata maneno ya mtu kwenye filamu, lile pengo lazima ulizibe kwa kimya cha chumba kilekile, la sivyo mtazamaji atasikia shimo hata kama hatajua amesikia nini. Kwa hiyo kila alipomaliza mahojiano, Chiriku aliiacha rekoda mezani inawaka taa yake nyekundu, akamwomba mwenye nyumba watoke wote wawili, chumba kikabaki kinajisemea chenyewe.

Asubuhi ile ilikuwa zamu ya sebule ya Mama Namba. Chiriku aliijua ile sebule kwa masikio kuliko alivyoijua kwa macho: saa ya ukutani inayochechemea, pazia likijipangusa ukutani, na mbali kidogo jirani anayekung'uta mikeka kana kwamba imemkosea. Akaipuliza chai, akapiga funda la kwanza.

"Namba tafadhali," ikasema sauti masikioni mwake.

Chai ikamwagikia shuka. Chiriku hakuifuta. Alibaki na kikombe hewani, kwa sababu kwenye kimya hakutakiwi kuwa na mtu.

Saa ya ukutani ikachechemea hatua kadhaa. Kisha sauti ileile ikajijibu, sasa kwa chini, kama ya mtu aliyetoka safari ndefu.

"Sina namba, dada. Niunganishie tu."

"Nikuunganishie na nani, mama?"

"Yeyote. Yeyote atakayepokea."

"Samahani, mama. Laini zote zina watu."

"Haya. Nitasubiri."

Kiti kikalia. Ndara zikaburuzwa kuelekea jikoni, na sebule ikarudi kuwa sebule.

Chiriku akavua hedifoni, akazishika mapajani kama mtu aliyeokota kitu cha wenyewe.

*

Jina la Chiriku alipewa chuoni, kwa utani. Chiriku ni ndege asiyefunga mdomo, na yeye alikuwa binti ambaye akiulizwa jambo mbele za watu, masikio yanamwaka moto na maneno yanakwama kooni. Nyuma ya kamera, hata hivyo, hakuna kilichompita. Aliona mikono ya watu inavyosema yale ambayo midomo inaficha. Bibi yake aliyemlea alifariki yeye akiwa anakaribia kumaliza masomo, na tangu hapo hakuna aliyempigia simu kumuuliza kama amekula. Simu yake ililia kwa matangazo, na kwa Mkasi.

Mkasi alisoma naye, na sasa ndiye aliyekuwa akimhariria filamu. Jina lake nalo lilitokana na kazi: alikata bila huruma.

Na Mama Namba ndiye aliyekuwa filamu yenyewe.

Zamani, kabla simu hazijaingia mifukoni mwa watu, ulikuwa ukitaka kumpigia mtu unanyanyua mkono wa simu, na kabla hujasema lolote unasikia sauti ya mwanamke: "Namba tafadhali." Mwanamke huyo alikuwa amekaa mbele ya ubao wenye matundu kama sega la nyuki, anachomeka waya huku, anachomoa kule, na mji mzima unazungumza kupitia vidole vyake. Posa zilipita hapo. Taarifa za misiba zilipita hapo, na magomvi ya mashamba, na wapenzi wasiokuwa na la kusema ila hawataki kukata. Kila mtu aliijua sauti yake, wala hakuna aliyeijua sura yake. Halafu mitambo mipya ikaja, ubao ukang'olewa, na wanawake wale wakaambiwa ahsante na kwaheri. Hakuna aliyewapiga picha. Hakuna aliyeandika habari zao.

Chiriku alikutana naye kwenye foleni ya duka la dawa. Mama mmoja mnene, mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliuliza dawa ya macho, na mzee aliyekuwa mbele akageuka kama aliyeitwa na mtu wa ukoo wake. "Wewe!" akasema mzee. "Wewe ndiye Namba Tafadhali! Wewe uliniunganishia hospitali siku mwanangu wa kwanza anazaliwa!" Akamshika mikono yote miwili, na foleni nzima ikasimama kutazama. Mama akacheka, akasema, "Na mtoto alikuwa na afya, nakumbuka," kisha akafunga mdomo haraka kama aliyechungulia chumba cha watu. Chiriku alitoka pale akiwa ameshatengeneza filamu kichwani.

Tatizo lilikuwa kiapo. Siku ya kwanza kazini, wasichana wale waliapishwa kwamba yanayosikika kwenye waya yatabaki kwenye waya, na Mama Namba hakuwa mtu wa kuapa kisha akaapua.

"Mama, kuna simu ambayo hujaisahau?" Chiriku alimuuliza katika mahojiano ya kwanza.

"Zipo."

"Unaweza kutusimulia moja?"

"Siwezi. Muulize aliyepiga."

"Aliyepiga yuko wapi?"

"Amekufa. Basi na simu yake imekufa, mwanangu. Uliza lingine."

Akawa anaeleza nyaya tu. Nyaya ndefu, nyaya fupi, tundu linalowaka, tundu lililoharibika. Kuhusu yeye mwenyewe alisema kwamba mumewe alitangulia mbele ya haki na kwamba mtoto wao yuko mbali, anapiga akikumbuka. Zaidi ya hapo ni mzaha na chai. Chiriku alikwenda, akarudi, akaenda tena. Kila mara alimwambia Mkasi kwamba kuna swali moja amelisahau.

"Dada, unatengeneza filamu au unajenga nyumba?" Mkasi alimuuliza. "Maana ujenzi tu ndio hauishi namna hii."

Jumba moja la sinema, dogo lakini lenye heshima, ambalo lilikuwa likionyesha filamu za watu wasio na kampuni nyuma yao, lilikuwa limeiona rasimu. Walijibu kwa adabu. Mikono ni mizuri, walisema, ubao wa simu tumeuelewa, lakini huyu mama hatujamjua. Mtuonyeshe aliyekaa nyuma ya nyaya, nasi tutaipokea. Kama hayupo, basi tunawatakia heri.

Na sasa Chiriku alikuwa amempata, pale mahali ambapo hakutakiwa kumtafuta.

*

Hakumwambia Mkasi. Lakini yeye na Mkasi walikuwa wakichangia diski moja, na Mkasi, kama wahariri wote, alihitaji kimya cha kuzibia mapengo. Mchana uleule akapiga simu.

"Chiriku! Umesikia kilichomo kwenye kimya cha sebule?"

"Kipi?" akasema Chiriku, na masikio yakaanza kuwaka.

"Usinizungushe. Umesikia. Mimi nimesikia nikasimama, na unajua mimi na kiti changu tulivyo kulwa na doto. Hiyo ndiyo filamu. Zile nyaya zote zilikuwa barabara ya kufika hapo."

"Haijui kama tulimrekodi."

"Nani haijui? Sema Kiswahili."

"Mama. Hajui. Mimi ndiye niliyekosea, niliiacha rekoda nikatoka nje, naye akarudi ndani. Maisha yake yote hajatoa siri ya mtu hata moja, Mkasi. Sasa mimi nimwibie ya kwake?"

Mkasi alikuwa na domo, lakini hakuwa na roho mbaya.

"Basi mwombe," akasema mwishowe. "Akikubali, inaingia. Akikataa, tunaitoa na filamu inarudi kabatini. Ila mwombe haraka, wale watu wa sinema hawatatungoja hadi tuote mvi."

Mwombe. Neno jepesi kama unyoya mdomoni mwa Mkasi, na kwake zito kama jiwe la kusagia. Kwa maana kama Mama Namba angeona amesikilizwa kwa wizi, mlango ule ungefungwa. Na Chiriku alipojaribu kuufikiria ule mlango umefungwa, hakuiona filamu iliyopotea. Aliiona wiki isiyo na pa kwenda.

*

Alikwenda, akiwa na kamera begani kama kawaida.

"Karibu, chiriku bubu," akasema Mama Namba. "Ingia, usije ukaota mizizi hapo mlangoni."

Alikuwa ameshapanga viti viwili, kimoja kikitazama dirisha jinsi Chiriku alivyomfundisha, ili mwanga umpate usoni. Alikuwa amevaa blauzi ileile ya siku ya kwanza, ili picha zisipingane. Mambo hayo aliyashika upesi kuliko wanafunzi wa chuo. Wakanywa chai na mkate. Chiriku akauliza swali kuhusu zamu za usiku ambalo lilikuwa limeshajibiwa mara mbili, na Mama Namba akalijibu mara ya tatu bila kulalamika.

"Umeshazisikiliza zile sauti za siku ile?" mama akauliza, akiwa anakusanya makombo ya mkate kwa kiganja.

"Bado, mama," akasema Chiriku. "Sijapata nafasi."

"Ahaa."

Makombo yakaingia kwenye sahani. Mama Namba akainuka, akaosha vikombe kabla Chiriku hajamaliza chake.

Alikwenda tena. Safari hii hakukuwa na mzaha mlangoni. Viti vilikuwa vimepangwa, blauzi ilikuwa ileile, lakini mama alijibu kama anayejaza pengo: ndiyo, hapana, sikumbuki. Chiriku alitazama kwenye kioo cha kamera, akaona mikono ya mama imelala mapajani, kiganja juu ya kiganja, haisemi kitu. Alimaliza haraka. Kwa mazoea akatoa rekoda amwombe watoke, akakumbuka, akairudisha mfukoni.

"Leo hurekodi kile kimya chako?" akauliza Mama Namba.

"Ninacho cha kutosha, mama."

"Ahaa," akasema mama tena, na ahaa hii ilikuwa baridi kuliko ile ya kwanza.

Chiriku akarudi kwa miguu. Alipita kituo cha mafuta, alipita fundi wa baiskeli anayezungumza na gurudumu, alipita shule ambayo watoto walikuwa wakiimba jedwali la kuzidisha kwa sauti moja. Kila mtu alikuwa na wa kusemezana naye, hata kama ni gurudumu. Chumbani akakuta ujumbe wa Mkasi: ameshaiweka ile sauti kwenye rasimu, ili tu wasikie inakaaje. Chiriku akaitazama. Mikono mitupu ya Mama Namba kwenye skrini, na juu yake ile sauti ikiomba kuunganishwa na yeyote. Mkasi hakuwa amezidisha kitu, wala muziki hakutia. Chiriku akalia kwa namna alivyozoea kulia, bila kelele, kisha akafunga kompyuta.

Watu wa sinema walikuwa wameandika. Wanataka jibu.

*

Siku iliyofuata alikwenda bila kamera.

Mama Namba alifungua mlango, akamtazama begani, akamtazama mikononi, akaangalia hata nyuma yake.

"Mzigo wako uko wapi?"

"Nimeuacha."

"Umeharibika?"

"Hapana, mama. Mzima."

Wakaingia. Viti vilikuwa vimerudishwa mahali pake pa siku zote, vikitazama ukuta, kwa kuwa leo hakutarajiwa. Blauzi ilikuwa nyingine, ya maua, iliyofifia makwapani. Mama Namba akaketi, wala hakwenda kubandika maji.

"Mama, kuna jambo," Chiriku akaanza. "Siku ile... niliacha rekoda mezani. Nadhani ulirudi. Sikukusudia, mama, naapa. Ilikuwa ni kile kimya tu. Na ndani yake kuna... sikutaka kusikiliza, ila nimeshasikiliza. Na Mkasi naye kasikia. Nimekuja kuomba radhi. Na kuomba... kama hutaki, tutaifuta yote. Hata sasa hivi."

Alisema yote akiitazama sakafu. Aliponyanyua macho, Mama Namba alikuwa anamwangalia kwa uso ambao kamera haijawahi kuupata.

"Wewe mtoto," akasema mama taratibu. "Siku ya kwanza ulinikalisha hapa, ukanionyesha kile kidude. Ukaniambiaje?"

"Sikumbuki, mama."

"Ukaniambia, taa nyekundu ikiwaka, kinasikia. Sasa mimi nilirudi ndani kuchukua miwani, nikaiona taa inawaka. Unadhani nilipofuka?"

Chiriku akaitazama meza. Pale ndipo rekoda ilipokuwa siku ile.

"Nilijua laini iko wazi," akasema Mama Namba. "Kiapo changu ni cha maneno ya watu. Ya kwangu sikuyaapia. Ila ana kwa ana siwezi, mwanangu, niseme ukweli. Nimezeeka nikiongea na watu nisiowaona. Ukikaa hapo na hayo macho yako, ulimi unakauka, nakuletea habari za nyaya. Nikaona hapa pana nafasi. Atakwenda kusikiliza kwake, peke yake, mimi sipo. Nikasema."

"Kumbe ulikuwa unaniambia mimi?"

"Ulitaka nimwambie nani, saa ya ukutani?" Akacheka kidogo, kicheko kikaishia njiani. "Nikangoja. Ukaja, nikakuuliza, umesikiliza? Ukasema bado. Nikakutazama masikio, yamewiva kama pilipili. Nikajua amesikia huyu. Amesikia na amenyamaza. Nikasema basi, ameona bibi kizee anaropoka, amemhurumia, anataka amalize kazi yake aondoke kwa heshima."

"Hapana, mama!"

"Sikulaumu. Nakwambia nilivyoona." Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi. "Na hilo la filamu, iweke. Watu wa mji huu wamenisikia maisha yangu yote nikiwauliza wanataka nani. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi namtaka nani. Acha wakae kwenye giza lao wasikie. Siogopi. Wapelekee."

Ruhusa ilikuwa imetoka, nzima, bila masharti. Hiki ndicho alichokuja kukitafuta. Mkasi angeruka hadi dari. Wale wa sinema wangepata aliyekaa nyuma ya nyaya, na watu wasiomjua Mama Namba wangetoka ukumbini wakimwona kila mahali, kwenye foleni, sokoni, kwenye ngazi za ofisi. Chiriku angeinuka sasa, angeshukuru, angekwenda. Filamu ingekuwa imekwisha.

Hakuinuka. Mama Namba naye alikuwa amefanya lake, na alingoja kama mtu aliyezoea kungoja, mgongo umenyooka, mikono mapajani, kichwa kimeinama kidogo upande mmoja.

"Sikunyamaza kwa huruma," Chiriku akasema, akilisemesha goti lake.

"Sisikii. Hili sikio nililiacha kazini. Sema kwa sauti."

"Nasema sikunyamaza kwa huruma."

"Ila?"

Masikio yaliwaka, shingo ikawaka, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na kamera ya kujificha nyuma yake. Chiriku akaipandisha sauti mpaka jirani wa mikeka akaacha kukung'uta.

"Filamu ilikwisha zamani, mama! Maswali yaliniishia siku nyingi. Zile zamu za usiku umenieleza mara tatu, na mara zote nilikuwa nazijua. Nilikuwa naogopa nikikuuliza utanifukuza, na nikimaliza sitakuwa na sababu ya kuja. Mimi sina mtu. Nataka niwe nakuja kwako hivihivi, bila kazi. Nataka unikaribishe."